Shekhar Mehta: Bingwa wa matope aliyejua lini apunguze mafuta

MVUA zikishakolea Kigoma, wafanyabiashara wa Gungu wanaofuata ndizi, mihogo na mawese vijijini huanza kuhesabu upya gharama zao. Safari ya saa moja wakati wa kiangazi hugeuka ya nusu siku, na lori moja likikwama kwenye kilima hufunga njia kwa wote walio nyuma yake.

Kinachofuata hapo kinajulikana. Utingo wanashuka na majembe, wengine wanakata matawi ya kutandika chini, wengine wanasukuma. Dereva naye anakanyaga mafuta hadi mwisho, injini inanguruma, tairi linazunguka palepale na kujichimbia shimo. Dakika tano baadaye gari limekalia ekseli, na mzigo inabidi ushushwe.

Gari la namna hiyo halikukosa nguvu. Nguvu lilikuwa nazo, tena za kubaki, lakini hazikufika ardhini. Katika historia ya magari Afrika Mashariki ni wachache walioielewa tofauti hiyo kama Shekhar Mehta, aliyeshinda mashindano ya Safari Rally mara tano, mara nne kati ya hizo kwa mfululizo. Rekodi hiyo ya mara nne mfululizo haijafikiwa na mtu yeyote.

Jina lake kamili lilikuwa Chandrashekhar Mehta. Alizaliwa Uganda Juni 20, 1945, katika familia ya Kihindi yenye uwezo iliyomiliki mashamba makubwa. Hakuwa mtoto wa shida, na hilo halina haja ya kufichwa, kwa kuwa mashindano ya magari yanataka fedha kabla hayajampa mtu sifa. Alianza kushindana akiwa na umri wa miaka 21, akiendesha BMW.

Anayeijua Kigoma haihitaji maelezo mengi kuhusu barabara za Uganda za miaka hiyo. Zilikuwa za udongo mwekundu, vumbi jua likiwaka na utelezi kama sabuni mvua ikinyesha. Gari lenye injini kubwa linalosukumwa na magurudumu ya nyuma katika udongo huo humwadhibu haraka dereva asiye na subira. Akikanyaga mafuta kwa pupa kwenye kona, mkia unatangulia mbele na gari linageuka lilikotoka.

Safari yenyewe ilikuwa imeanza mwaka 1953, wakati Kenya, Uganda na Tanganyika zikiwa bado chini ya Waingereza. Baadaye iliwekwa wakati wa Pasaka, yaani masika, na kwa miaka mingi ilipita katika nchi zote tatu. Urefu wake ulifika kilometa 5,000 hivi kwa siku chache tu, tena katika barabara zisizofungwa. Mshindani aliweza kukutana na basi la abiria, ng'ombe au mama mwenye kuni kichwani katika kona ileile anayoipita kwa mwendo wa kasi.

Tanzania ilikuwa na mtu wake katika mashindano hayo. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na tena 1967 akiwa na Peugeot 404. Hilo lilikuwa gari la kawaida la familia na la teksi, wala si gari la kutisha kwa mbio, na ushindi wake ulichangia kuifanya Peugeot iaminiwe na wasafirishaji wa ukanda huu kwa miaka mingi.

Mehta aliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1971, akiwa na miaka 25, kampuni ya Datsun ya Japani ilimkabidhi gari la 240Z. Lilikuwa gari la milango miwili lenye pua ndefu, injini ya silinda 6 ya lita 2.4, na lile la kuuzwa dukani lilitangazwa kuwa na nguvu za farasi zipatazo 150. Ya mashindano yaliongezwa nguvu zaidi. Kwa wakati huo, nguvu hizo zote kwenye magurudumu mawili ya nyuma juu ya matope zilikuwa mzigo mzito kwa mguu wa dereva.

Alimaliza wa pili, nyuma ya Edgar Herrmann aliyekuwa na gari kama hilo. Wa tatu alikuwa Shankland.

Hapa inafaa kueleza kinachotokea chini ya gari, maana ndicho kilichoyaendesha maisha ya Mehta na ndicho kinachomsumbua mwenye Canter anayepanda kilima wakati wa mvua.

Tairi hushika ardhi kwa kiwango fulani tu. Kiwango hicho hutegemea uzito uliolikalia, hali ya kashata zake na aina ya ardhi. Injini ikileta nguvu isiyozidi kiwango hicho, gari linakwenda. Ikizidi, tairi linaanza kuserereka, na likishaserereka mshiko unapungua zaidi, kwa hiyo dereva anayeongeza mafuta anaongeza tatizo.

Kwenye barabara ngumu tairi hushika vizuri zaidi linapozunguka kasi kidogo tu kuliko mwendo wa gari lenyewe. Dereva mzuri hucheza katika nafasi hiyo nyembamba. Anasikia mlio wa injini ukipanda ghafla bila gari kuongeza mwendo, anajua tairi limeachia, anapunguza mafuta kidogo, tairi linashika, anaongeza tena taratibu. Kwa Mehta na wenzake kazi hiyo ilifanyika kwa saa nyingi, usiku na mchana, kwa unyayo wa mguu mmoja.

Tatizo la pili ni difu. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawasawa kwa magurudumu mawili ya ekseli moja. Gurudumu la kushoto likiwa kwenye utelezi, linahitaji nguvu ndogo sana kuzunguka, na gurudumu la kulia lililo pakavu hupata nguvu ndogo ileile. Ndiyo sababu lori kubwa hushindwa kutoka kwa ajili ya tairi moja tu lililo mtaroni. Magari ya mashindano hufungwa difu inayozuia gurudumu moja kukimbia peke yake, na malori mengi yana difu ya kufunga ambayo baadhi ya madereva hawajawahi kuigusa.

Mwenye pikapu ya kawaida ana ujanja wake. Kama breki ya mkono ya gari lake inakamata magurudumu ya nyuma, kuivuta kidogo sana huku akikanyaga mafuta kwa upole hulizuia gurudumu linaloserereka, na nguvu huhamia kwa mwenzake. Kuivuta sana ni kuua breki.

Mwaka 1972 maisha ya Mehta yaligeuka kwa jambo lisilohusiana na magari. Mwezi Agosti Rais Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka nchini. Maelfu ya familia ziliacha maduka, viwanda, nyumba na mashamba. Mehta na familia yake walikwenda Kenya, na kuanzia hapo alishindana kama Mkenya.

Pasaka iliyofuata, 1973, alirudi na Datsun 240Z, msaidizi wake akiwa Lofty Drews. Mwaka mmoja kabla ya hapo Hannu Mikkola wa Finland alikuwa amewanyang'anya wenyeji taji hilo akiwa na Ford Escort, wa kwanza kutoka nje kufanya hivyo. Wengi waliona zama za madereva wa Afrika Mashariki zimekwisha.

Mashindano ya mwaka huo yaliisha kwa namna isiyo ya kawaida. Baada ya maelfu ya kilometa, Mehta na Harry Källström wa Sweden, naye akiwa na Datsun, walikuwa na pointi sawa kabisa. Kanuni ya kuvunja sare ndiyo iliyompa Mehta ushindi. Mtu aliyefukuzwa alikozaliwa miezi michache kabla akawa bingwa wa mbio kubwa kuliko zote barani, tena kwa tofauti ambayo haikuonekana hata kwenye pointi.

Miaka sita ilipita kabla hajashinda tena. Katika miaka hiyo somo kubwa la mshiko wa tairi lilitolewa na mtu mwingine. Mwaka 1974, mvua zikiwa kubwa, Joginder Singh wa Kenya, fundi mzaliwa wa Kericho, aliendesha Mitsubishi Lancer yenye injini ya lita 1.6. Aliyemfuata kwa karibu alikuwa Björn Waldegård wa Sweden akiwa na Porsche 911, gari lenye nguvu nyingi zaidi. Lancer ilimaliza ya kwanza. Joginder alirudia mwaka 1976, na nafasi tatu za juu zote zilichukuliwa na Lancer.

Datsun nao walibadili mawazo. Badala ya gari la pua ndefu, Mehta alipewa Datsun 160J, gari la milango minne au miwili ambalo mwalimu au karani angeweza kulinunua, lenye injini ya silinda 4. Lilitengenezwa upya kwa mashindano, na lilikuwa na nguvu za kutosha, ila sura na mpangilio wake vilibaki vya gari la kwenda kazini. Msaidizi wake sasa alikuwa Mike Doughty, aliyekuwa naye mwaka 1971.

Mwaka 1979 wapinzani wao wakubwa walikuwa Mercedes-Benz. Walileta 450 SLC 5.0, gari la kifahari la mitaani lenye injini ya silinda 8 na lita 5. Hata lile la dukani lilikuwa na nguvu za farasi 240, na la mashindano lilizidi hapo. Madereva wao walikuwa Mikkola na Waldegård, watu ambao hakuna wa kuwafundisha gari. Gia zake zilikuwa za otomatiki, jambo ambalo wengi wangelidharau, lakini otomatiki hupeleka nguvu magurudumuni kwa ulaini kuliko klachi inayoachiwa kwa ghafla, na kwenye udongo unaoteleza ulaini ni faida.

Pamoja na hayo, gari zito lina gharama zake. Likiingia kwenye matope linazama zaidi, likiruka kwenye shimo linagonga kwa uzito wake wote, na tairi na springi zake huchoka mapema. Mehta alifika wa kwanza, Mikkola na Mercedes yake wakawa wa pili.

Mwaka 1980 Mercedes walirudi, na Mehta akashinda tena. Mwaka 1981 akashinda akiwa na Datsun Violet GT, na mwaka huo akamaliza wa tano katika ubingwa wa dunia wa madereva. Mwaka 1982 akamwacha nyuma Walter Röhrl wa Ujerumani aliyekuwa na Opel. Katika ushindi wa 1980 na 1981 aliyekuwa wa pili ni Rauno Aaltonen wa Finland, bingwa aliyemaliza wa pili katika Safari mara nyingi na ambaye hakuwahi kuishinda hata mara moja. Bahati nayo ina sehemu yake, ingawa bahati ya kurudi mara nne mfululizo ni ngumu kuiita bahati.

Mehta alijulikana kwa kulitunza gari. Safari haikuwa mbio za kuonyesha nani ana kasi kwa kilometa moja. Aliyevunja ekseli siku ya pili hakupata kitu, hata kama siku ya kwanza aliongoza. Kwa hiyo mwendo uliofaa ni ule ambao gari lingeweza kuuvumilia hadi Jumatatu ya Pasaka, na dereva aliyejizuia mahali pabaya alipata nafasi ya kukimbia mahali pazuri. Msafirishaji anayelipa mkopo wa lori anaijua hesabu hiyo bila kufundishwa.

Kwa Wajapani haikuwa michezo tu. Mteja wa Afrika Mashariki aliamini gari lililopita Safari kuliko tangazo lolote la gazeti. Pikapu za Datsun zilijaa mashambani na masokoni katika miaka hiyo, zikibeba magunia, mbuzi na watu, na wauzaji wake walijua ushindi wa Pasaka una maana gani dukani. Jina la Datsun lilipoondolewa katika miaka ya 1980 na nafasi yake kuchukuliwa na Nissan, sifa ilihamia kwenye jina jipya.

Wakati Mehta akikusanya mataji, Wajerumani wa Audi walikuwa wameleta jambo jipya. Gari lao la Quattro, lililoanza kuuzwa mwaka 1980, lilikuwa na injini ya turbo yenye nguvu za farasi 200 hivi, na nguvu hizo ziligawanywa kwa magurudumu yote manne. Hesabu yake ni nyepesi. Nguvu ikigawanywa kwa matairi manne, kila tairi linabeba nusu ya mzigo ambao lingebeba kama yangekuwa mawili, kwa hiyo linachelewa kuserereka.

Hata hivyo Safari haikukubali haraka. Mwaka 1983 Audi walimaliza wa pili na wa tatu, nyuma ya Opel iliyosukumwa na magurudumu ya nyuma, na miaka mitatu iliyofuata Toyota za magurudumu ya nyuma zikashinda. Ilikuwa mwaka 1987 ndipo gari la magurudumu manne, Audi 200 Quattro, liliposhinda Safari kwa mara ya kwanza, likiendeshwa na Mikkola.

Mwaka huohuo wa 1987 ndio uliomaliza safari ya Mehta kwenye usukani. Alikuwa amehamia Peugeot kwa mbio ndefu za jangwani, pamoja na Paris-Dakar. Katika mbio za Mafarao nchini Misri alipata ajali mbaya na kuumia sana. Hakurudi tena kushindana. Mkewe, Yvonne, aliyekuwa msaidizi wake garini katika mashindano mengi ya nje ya Afrika Mashariki, alikuwa naye katika maisha yaliyofuata.

Alichokifanya Mehta kwa mguu, viwanda vilikuwa vimeanza kukifanya kwa umeme. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 magari makubwa ya Ulaya yalianza kufungwa mtambo wa kuzuia tairi kuserereka. Kila gurudumu lina kipimo cha mwendo wake. Gurudumu moja likizunguka kasi kuliko mengine, kompyuta inalikamata kwa breki au inapunguza nguvu ya injini, yote kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Leo mtambo huo umo katika magari mengi yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani. Toyota Mark X ya lita 2.5 ina nguvu za farasi zaidi ya 200, yaani zaidi ya 240Z ya dukani, na nyingi zinasukumwa na magurudumu ya nyuma. Kijana aliyenunua gari hilo baada ya kujifunzia Vitz anaweza asijue kuwa kinachomshikilia kwenye lami yenye maji ni ile taa ya gari linaloserereka inayowaka na kuzimika kwenye dashibodi. Akizima mtambo huo ili ajionyeshe, amebaki na mguu wake tu, na mguu huo haujapita shule ya Mehta.

Upo wakati mmoja ambapo kuuzima kunafaa. Gari likiwa limezama kwenye matope mazito au mchanga laini wa ufukweni mwa ziwa, kompyuta inaweza kukata nguvu kila tairi linapozunguka, na gari likakataa kabisa kujivuta. Vitabu vya magari mengi hushauri kuuzima kwa muda hadi gari litoke, kisha kuuwasha.

Kwa magari ya kazi yasiyo na mtambo huo, njia ni zilezile za zamani. Gari lianzie gia ya pili badala ya ya kwanza, kwa kuwa gia ya kwanza hupeleka nguvu nyingi mno kwenye tairi. Pikapu tupu iwekewe uzito juu ya ekseli ya nyuma, si nyuma kabisa ya bodi, maana hapo mbele hunyanyuka na usukani unakuwa mwepesi. Kwenye mchanga upepo wa matairi upunguzwe ili tairi litandazike, na ujazwe tena kabla ya kurudi barabara ngumu. Kilima kitazamwe kwa miguu kabla ya kupandwa, na kikipandwa kipandwe kwa mwendo mmoja bila kubadili gia katikati. Tairi likianza kuzunguka palepale, mguu utoke kwenye mafuta mara moja, gari lirudishwe nyuma kidogo kwenye alama zake na lianze upya, kabla shimo halijawa refu.

Baada ya kupona, Mehta aliingia katika uongozi wa mchezo huo. Alifika hadi kuongoza tume ya mashindano hayo katika shirikisho la magari la dunia, FIA. Katika kipindi hicho alilazimika kuiona Safari ikitolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mashindano ya mwaka 2002.

Alifariki London Aprili 12, 2006, akiwa na umri wa miaka 60, siku nne kabla ya Pasaka. Safari ilirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, sehemu kubwa ikifanyika Naivasha, katika njia zilizofungwa na kwa magari yanayovuta magurudumu manne. Ushindi wote watano wa Mehta ulipatikana kwa magurudumu mawili ya nyuma.